Brazil wa Mogotio

Siku ambayo haitaki kutoka kichwani mwangu, mwanangu, ilianza na pancha. Ndiyo, nimesema mwanangu. Najua niko kidato cha tatu, na ndevu zangu ni chache kiasi kwamba mtu anaweza kuzipa majina moja moja. Lakini wewe ni mono, umekuja kidato cha kwanza na sanduku ambalo bado linanuka rangi, na katika shule hii mimi kwako ni babu. Kaa chini. Kengele ya prep haijalia, na nasaha zangu ni za bure.

Pancha ilinipata Mogotio, karibu na kibao cha ikweta, likizo ya Aprili mwaka huu huu wa 2008. Gurudumu la mbele lilikuwa limeshaingia kaskazini ya dunia, na la nyuma, lililokata pumzi, lilikuwa bado kusini. Nilikuwa peke yangu na baiskeli ya binamu yangu, ile anayobebea abiria mjini Nakuru, yenye kiti cha sponji nyuma na nyuzi za rangi zinazoning'inia kama pazia la sebuleni. Nilikuwa nikielekea Ziwa Baringo, kisha nivuke mpaka kisiwani. Nyumbani nilikuwa nimesema naenda kwa shangazi, Rongai. Sikudanganya sana. Rongai nilipitia.

Kisiwani nilikuwa nafuata mtu. Rafiki yangu Lemayian, ambaye bweni zima linamwita Kiboko kwa sababu ametoka ziwani, hakurudi shule zilipofunguliwa baada ya ile vurugu ya uchaguzi. Simu aliyokuwa ametuachia ilikuwa imezimwa. Mwalimu wa bweni akasema wazi kwamba asiporipoti muhula wa pili, nafasi yake atapewa mwingine. Sasa, mimi na Kiboko tulikuwa tumegawana kazi: yeye hesabu, mimi mzaha. Bila yeye nilibaki na mzaha peke yake, na mzaha haupewi maksi. Nikaona afadhali nimfuate mwenyewe.

Basi pale Mogotio, mama mmoja aliyekuwa akiuza uji kando ya barabara akaniita kivulini.

"Kijana, unatoka wapi na hicho kiti cha maharusi?"

"Mbali, mathe."

"Mbali haina jina? Na wewe unaitwa nani?"

Hapo, mwanangu, ndipo ulimi wangu ulipopata akili zake. Mimi naitwa Njoroge. Tangu ile vurugu jina la mtu linatangaza kabila lake, na kama langu likitajwa mahali pengine, watu wananyamaza kwanza. Na kuna majina ambayo yakitajwa kwetu, tunaonyamaza ni sisi. Unajua ninachosema, hata ukijifanya unafunga kamba ya kiatu.

"Mimi ni balozi wa Brazil," nikamwambia. "Nimetumwa kukagua kama ikweta yenu imenyooka."

Alicheka mpaka uji ukamwagika. "Basi kunywa, Brazil. Huko kwenu kuna uji?"

Nikanywa, nikaziba pancha, nikaondoka. Sikumuuliza jina. Ukimuuliza mtu jina lake atakuuliza lako tena, na safari hii anaweza asicheke.

Marigat nilifika jua likizama, matako yamekufa ganzi. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza asali kwenye chupa za soda akaniuliza mimi ni nani. Nikamjibu, "Sajenti Pedali, mkuu." Alinitazama kidogo, akafunga biashara yake, akanipeleka kwake nikalala. Asubuhi mke wake alinipa chai na mimi nikapiga saluti ya kisajenti. Walicheka wote. Nikapanda baiskeli nikiimba. Nilijiona mjanja sana: nimekula, nimelala, na hakuna mtu Baringo nzima anayejua kwamba Njoroge amepita.

Kampi ya Samaki, ukingoni mwa ziwa, mwenye boti alinung'unika kwamba baiskeli yangu inakaa kama mama mwenye mizigo, lakini alinivusha. Kisiwani ni mawe, mbuzi, miiba na joto. Baiskeli hakuna. Watoto waliifuata yangu kama maandamano, kila mmoja akitaka kupiga kengele. Kiboko akatokea nyuma ya mbuzi.

"We Njoro! Umewehuka? Umekuja na hiyo kitu kutoka Nakuru?"

"Nimekuja kukuchukua. Panda nyuma, kuna sponji."

Hakupanda. Alinipeleka kwa babu yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeamua abaki. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda, akimpunguza mbuzi kwato kwa kisu. Mimi, mtoto wa mjini, nikanyoosha ngumi ili anigotee. "Niaje, mzee."

Ngumi ilikaa hewani. Ilikaa mpaka mbuzi akaiangalia. Kiboko akafumba macho, kisha akanishika shingo na kuinamisha kichwa changu, kwa sababu kwao mtoto hampi mzee mkono; anampa kichwa. Mzee akaweka kiganja juu ya nywele zangu, kiganja kikavu kama gome, akarudi kwa mbuzi wake.

Tulipopewa chai nilianza hotuba yangu. Nilikuwa nimeitunga njia nzima, ina elimu, ina taifa la kesho, ina kila kitu. Mzee akainua kisu kidogo tu, nikanyamaza. Kwao, mwanangu, mgeni hasemi amefuata nini kabla hajatoa habari za njia.

"Jana ulilala wapi?" Alikuwa na Kiswahili cha mnada wa ng'ombe, kila neno limepimwa.

"Marigat, mzee."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu wa asali."

"Iko na jina?"

"Sikumuuliza, mzee."

"Nani alikupa maji kwa njia?"

"Mathe mmoja wa uji. Mogotio."

"Mama nani?"

"Wa uji tu, mzee."

"Sawa. Hujui wao. Wao wanajua wewe ni nani?"

Nikamwambia kuhusu Brazil na Sajenti Pedali. Kiboko alicheka mpaka akakohoa. Mzee hakucheka, wala hakukasirika. Alinisubiri tu, kama mtu anayesubiri mbuzi amalize kupita mlangoni.

"Ilikuwa mchezo?" akauliza.

"Nusu, mzee. Nusu nilikuwa naogopa."

Akafuta kisu kwenye paja. "Mimi nilikuwa nataka kujua kitu moja. Hii barabara imefunguka, huyu mtoto apite? Redio inasema imefunguka. Redio haipiti barabara. Wewe umepita yote, na hujui kuniambia. Kama wewe unaficha jina, barabara bado imefungwa. Lemayian anabaki."

Hotuba yangu ikaishia hapo, taifa la kesho na yote. Kiboko alikuwa ameacha kucheka. Alianza kuchora chini kwa kijiti, na nikaona ni hesabu za mwaka jana anazofanya, zile za pembetatu, peke yake huko mchangani.

Asubuhi mzee alitusindikiza mpaka botini. "Rudi pole pole," akaniambia. "Pale ulikunywa, pale ulilala, acha jina yako na uchukue ya mwenyewe. Halafu niletee habari." Kiboko akanipa namba ya mjomba wake wa Kampi ya Samaki.

Kurudi ni mlima, mwanangu, na si miguu iliyokuwa mizito. Marigat nilizunguka kibanda cha asali kama mwizi anayepima dirisha. Mwishowe nikasimama.

"Sajenti!" mzee akasema.

"Si Sajenti, mzee. Naitwa Njoroge."

Akaweka chini chupa aliyokuwa akiijaza. Nilikuwa nimeshaweka mguu mmoja kwenye pedali.

"Njoroge," akasema. "Hapo ng'ambo ya barabara kulikuwa na Njoroge mwingine, wa viazi. Alienda Disemba, hajarudi. Viti vyake viko kwangu." Akafungua mlango wa stoo ya kibanda nikaviona, vimepangwa ukutani, vimefunikwa gunia. "Ukikutana na yeye Nakuru, mwambie viko. Mimi ni Kiprono."

Nakuru ni kubwa, mwanangu, na akina Njoroge ni wengi. Bado namtafuta.

Mogotio, mama wa uji aliniona kwa mbali. "Brazil amerudi! Ikweta imenyooka?"

Nikamwambia jina langu. Hata hakuacha kukoroga.

"Mimi ni Mama Chebet. Na nilijua unaogopa. Mtu asiye na hofu atajiita Mbrazil Mogotio?" Akanijazia kikombe. "Kunywa, Njoroge. Uji ni ule ule."

Nilituma majina hayo mawili kwa simu ya mjomba. Hakuna aliyejibu. Wiki ya kufungua shule nilikuwa nakaa karibu na geti kuliko bawabu mwenyewe. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili, mchana, likaonekana sanduku la bati, na chini ya sanduku, Kiboko. Nyuma yake mzee na shuka yake na fimbo. Walikuwa wameshuka Marigat wakanywa chai kwa Kiprono, wakashuka Mogotio wakanywa uji kwa Mama Chebet. Mzee alitaka kuona hayo majina kama yana watu.

Nilikimbia, nikainamisha kichwa vizuri kabisa, kama nilivyofundishwa. Nikangoja kiganja. Hakikuja. Nikainua jicho moja.

Mzee alikuwa amenyoosha ngumi.

"Niaje, Brazil," akasema.

Basi sikia, mwanangu. Katika bweni lenu nimehesabu akina Brian mpaka nimechoka. Brian huyu, Brian yule, hakuna Brian anayetaja jina la baba. Najua kwa nini, na sikucheki. Lakini ukiulizwa jina, sema yote mawili, kisha umuulize aliyekuuliza la kwake, na la mama yake kama kuna muda. Ukisafiri, simama. Ukipewa maji, usiondoke na maji peke yake. Mzaha fanya, nani atakukataza, mimi? Lakini utangulize jina, mzaha ufuate. Huko barabarani kuna mzee wa kisiwani anayengoja habari ndipo amwachilie mtoto wake, na habari ni wewe.

Mungu akupe matairi mazima na miguu ya kurudi. Akukutanishe na wenye uji kabla hujaona njaa, na siku utakayolitaja jina lako, yule wa mbele yako asiache kukoroga. Haya, kengele hiyo. Toka kitandani kwangu.