Askari Aliyeachwa Aliwe

Baada ya kiharusi, baba hakusema tena. Mkono wa kulia ukafa, mdomo ukapinda, na watu wakaanza kumsema mbele yake kama vile ni kabati. Ba'mdogo, mdogo wake anayekaa Mikese, ndiye aliyeniudhi kupita wote. Anaingia, ananijulia hali mimi, anauliza chai. Kaka yake yuko pale pale kwenye kochi, hamwamkii.

"Mpe shikamoo yake," nilimwambia siku moja.

"Ya nini kujidanganya, mwanangu? Huyo hayupo tena."

Niliwaka! Lakini hasira yenyewe ilikuwa ya woga, maana hata mimi sikujua kama yupo.

Nikatoa ubao wa chesi. Baba aliujua mchezo huo alipokuwa akifanya kazi stesheni ya Kingolwira, treni zikichelewa, na hapa kwetu Kilakala hakuna aliyemfunga. Siku zote kete nyeusi zake, nyeupe anampa mgeni. Nikasogeza askari wa mbele ya malkia. Baba akaleta mkono wa kushoto, akamsukuma askari wake hadi mdomoni mwa wangu. Hana mlinzi. Nimle tu.

"Umeona sasa?" ba'mdogo akasema kwa upole.

Zamani baba alikuwa na mtego wa hivyo, wa kutoa askari bure mapema. Mtego wa hatari, mpinzani akiushtukia umekwisha. Ndio huo, au kachanganyikiwa? Nikamla. Farasi wake akatoka, kisha malkia. Nje mawingu yalishaufunika mlima, sebule ikaingia giza, hakuna aliyeinuka kuwasha taa. Malkia akamtishia mfalme wangu, akala askari wangu wa pembeni, nami nikakimbilia kumbana kwa askofu. Hapo askofu wake akatua, nikaona.

Jamani! Sikuwa na pa kutokea. Kumbe alikuwa humo ndani muda wote, anatusikia.

Malkia wake akafika nyuma kabisa, na baba akamlaza mfalme wangu chali. Hakunitazama mimi. Alimtazama mdogo wake.

Ba'mdogo akaweka kikombe chini, akasimama wima.

"Shikamoo, kaka."

Baba hakuweza kusema marahaba. Alianza kuzipanga kete upya kwa mkono ule mmoja, nyeupe upande wa mdogo wake.