Ala za Bastola za Babu

Juzi hapa Kitshanga, ndugu yangu, nilimkuta fundi viatu akikata ala kuukuu ya bastola, moja ya zile za ngozi nene za askari wa enzi ya Wabelgiji, apate kiraka. Harufu yake ikanirudisha kijijini kwetu Kirolirwe, jikoni kwa bibi.

Babu alilima maharage na kufuga ng'ombe wachache. Bunduki hakuwahi kushika. Lakini ala hizo alizitafuta hadi Hombo, akitoa jibini letu zuri la mviringo ili apewe ngozi tupu. Alizitundika juu ya moto, moshi uzuie wadudu, na sisi wajukuu wa kike tulizipaka siagi ya ng'ombe mpaka zing'ae. Bibi alinung'unika, "Sasa tutakula hizi ngozi?" Babu alitabasamu tu. Sababu hakuwahi kututajia.

Asubuhi moja, tukimenya maharage mabichi, wakaingia watu wenye silaha. Mkubwa wao akaziona ala.

"Papa, bastola yenyewe iko wapi?"

"Sina hata moya. Napenda tu ngozi."

Nani angeamini? Walichimba sakafu, wakachimba shamba, wakakosa. Wakaondoka na babu. Bibi hakulia, aliendelea kumenya maharage ambayo hakuna aliyeyala.

Kesho yake jioni babu akarudi kwa miguu, ala nyingine ikining'inia begani, nzuri kuliko zote.

"Ni ya yule mukubwa," akasema. "Ni baba yake alimuachia. Ameniambia, 'Papa, wewe utaichunga muzuri. Nitairudia.'"

Kisha akaketi, akaipaka siagi, akalia. Alimlilia nani? Nafsi yake, au yule aliyemteka? Hatukuthubutu kuuliza.

Vita vilipotufukuza, babu alibeba ala hiyo tu, nyingine akaziacha. Katika kambi hapa Kitshanga siagi ilikosekana, akaipaka mawese. Kila pikipiki iliposimama, aliinua kichwa.

Alipofariki, baba mdogo alitaka azikwe nayo. Bibi akakataa: "Kitu ya muntu haizikwe." Tukaendelea kuitunza, hadi tulipokimbia tena, ikapotea pamoja na sufuria na blanketi.

Bibi naye hayupo sasa. Jiko lile la Kirolirwe limekuwa shamba la watu nisiowajua. Mwenye ala hakuja kuichukua. Au labda alikuja, akakuta tumeshakimbia. Hata hilo sijui.