Fulana Isiyo na Chumvi

Mimi ni dobi. Mume wangu angekumbuka hilo, angenidanganya kwa akili zaidi.

Mtaani wanamwita Kilomita. Kazi yake ni kutengeneza lifti, kutwa yuko ndani ya shimo la ghorofa la watu akipambana na nyaya na grisi, na bado kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi huamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kukimbia. Mbio ndefu, si za kufukuza kuku. Ratiba ameibandika kwenye mlango wa friji, na kwa miaka minne nyumba nzima imeifuata kama amri ya jeshi. Mimi, binti zetu wawili, hata mama yake tunayeishi naye, hakuna anayemgusa Kilomita siku ya mazoezi.

"Mke wangu, zimebaki wiki tisa tu," husema, na sisi tunafyata.

Jumamosi moja alirudi saa mbili, anahema, fulana imeloa chapachapa. Kwa kawaida ya Jumamosi nailoweka papo hapo; siku hiyo nikaitundika msumarini, nikashughulika na pasi za wateja. Mchana ilikuwa imekauka. Sasa, fulana ya mkimbiaji ikikauka kabla ya kufuliwa huacha michirizi myeupe mgongoni na makwapani. Michirizi hiyo nimeisugua miaka minne, naijua kuliko sura ya wifi yangu. Hii haikuwa nayo. Nikailamba kola. Ndiyo, niliilamba, na sioni haya. Maji ya bomba.

Machale yakanicheza. Ya Jumanne ilikuwa na chumvi. Ya Alhamisi, chumvi. Jumamosi, maji ya bomba tena. Basi mwanamke mwenyewe ni wa Jumamosi, nikajiambia, na nikamuumba kabisa kichwani: mfupi, anacheka ovyo, hana mtoto hata wa kusingiziwa. Nilikosa hamu ya kula. Niliunguza shati la mteja. Nilijua nikimkuta naye ndoa imekwisha siku hiyo hiyo, na nilikuwa nimeshapanga sanduku lipi ni langu.

Jumamosi ya tatu nikamfuata. Hakukimbia hata hatua moja. Alitembea akipiga miayo, akakata kona ya pili, akabisha hodi kwenye karakana ya fundi makochi, rafiki yake tangu shuleni. Kumbe hata nyumba ya kukutania wanaazimwa! Nilisubiri nje mpaka miguu ikafa ganzi, kisha nikausukuma mlango.

"Shemeji!" Fundi makochi alishtuka, sindano mkononi, halafu akaweka kidole mdomoni. "Polepole. Amelala."

Kwenye kochi la watu watatu ambalo halijavishwa kitambaa, sponji tupu, mume wangu alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, raba zake zimepangwa sakafuni. Nikachungulia nyuma ya kochi. Nikainama, nikachungulia chini. Nikapekua nyuma ya majora ya vitambaa. Hakukuwa na mtu.

"Tangu lini?" nikamuuliza fundi.

"Miezi miwili, shemeji. Namwamsha saa mbili kasoro, anajimwagia maji pale bombani, anaondoka."

Nikalipiga teke kochi. Kilomita akaketi, macho mekundu.

"Yuko wapi?"

"Nani, mama watoto?"

"Usinifanye mtoto!"

Akajifuta mate. "Kocha amesema Jumamosi nipumzike, la sivyo goti litanitoka. Sasa niambie ukweli. Ningeandika 'kupumzika' pale kwenye friji, mngeniacha nilale?"

Nikafungua mdomo niseme ndiyo. Nikakumbuka siku aliyokuwa na homa, nikampa rafu aigongee misumari kwa kuwa yuko tu.

"Nikikimbia mnanihurumia," akasema. "Nikikaa, mnaona nipo tu."

Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Mwanamke ningejua la kumfanya. Usingizi nitaufanya nini?

"Na mimi?" nikamwambia. "Miezi miwili unaniibia usingizi, mimi nafua, napiga pasi, namkanda mama yako miguu. Mimi nalala kwenye kochi la nani?"

Aliinamia raba zake, akafunga kamba. Njiani kurudi nikamweleza jinsi kola isiyo na chumvi ilivyomchongea.

Jumamosi iliyofuata niliamka kabla yake, nikavaa raba zake kuukuu na fulana ya binti yangu mkubwa. Nikamwambia nakwenda kukimbia. Nikaenda dukani kwangu, pale ninapopokelea nguo za kufua, nikajifungia kwa ndani, nikalala juu ya mashuka safi ya wateja. Sikumbuki mara ya mwisho kulala vile. Saa mbili nikajimwagia maji ya ndoo, nikarudi nyumbani nikihema.

Nilimkuta uani, mikono ndani ya beseni la sare za watoto, mama yake akimwita kwa mara ya tatu. Niliingia kubadili nguo, nikamrushia fulana kupitia mlangoni aiongeze kwenye beseni. Nilipotoka, alikuwa amesimama na fulana yangu mkononi, ameikunjua kola, anailamba.

"Ulikuwa wapi?" akaniuliza.

"Nililala," nikamwambia. "Dukani. Peke yangu."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye raba, kisha akanitazama tena. Hakuniamini.