Siku Niliyomnyamazisha Mtangazaji wa Mbio za Magari

Nakiri mapema, kabla wanabaraza wenzangu hawajanisemea: aibu hii ilinipata mimi, karani mstaafu wa mahakama, mtu ambaye kumbukumbu zake hazikurudishwa hata siku moja kusahihishwa (mwenye kubisha na aulize), na naihisi hadi leo kila nipitapo mkahawani kwa Athmani, hapa Malindi.

Chanzo ni mtangazaji wa runinga. Kila Jumapili tulikutana pale kutazama mbio za magari, naye kila Jumapili alipayuka. Magari mawili yanagongana, yeye yumo kutusimulia alichokula mchana. Nikawa nayaandika makosa yake daftarini, yakafika kumi na manane, nikatunga barua ya malalamiko kwa kituo chake, na wenzangu wakakubali kuitia sahihi siku hiyo mbio zikiisha.

Ndipo nikafanya uamuzi mdogo.

"Athmani, hebu zima sauti. Nitatangaza mimi, mpate kujua utangazaji ni nini."

"Haya, bwana karani. Tupe mambo!"

Wallahi nilianza vizuri. Gari jekundu lilikuwa mbele, kundi zima likilifukuza, nami nikalisifu kona kwa kona, nikapanda juu ya kiti (goti langu ni bovu, lakini siku ile halikuuma), wapita njia wakasimama mlangoni, na lilipokata mstari nikalitangaza bingwa kwa sauti ambayo nadhani ilifika sokoni, mkahawa mzima ukashangilia.

Kadzo, muuza mahamri kutoka Marafa, ambaye hajapata kutazama mbio maishani mwake, akauliza kwa upole: "Baba, huyo bingwa wako mbona bado yuakimbia, na wenziwe washapunguza mwendo, wapunga mikono?"

Athmani akarudisha sauti. Mtangazaji, ametulia tuli, alikuwa akieleza kwamba lile jekundu ndilo la mwisho: lilikuwa nyuma kwa mzunguko mzima, na hao niliodhani wanalifukuza ndio walioongoza, wakitaka kulipita tena. Nafasi zote zilikuwa zimeandikwa pembeni mwa runinga tangu mwanzo. Mimi nilikuwa nimevaa miwani ya kusomea daftari.

"Sahihi tutatia, shekhe," akasema Athmani, machozi ya kicheko yakimtoka, "ila tumlalamikie mtangazaji yupi?"

Nikashuka kitini. Goti likaanza kuuma.

Barua ingali imekunjwa ndani ya daftari. Kinachonishughulisha sasa ni swali moja: katika kasi ile, bwana yule huwezaje kutambua aliye nyuma anapoonekana yuko mbele? Siku hizi namsikiliza nimetega sikio, hata akifika kwenye chakula chake, na sauti ya watu sitaizima tena. Kumbukumbu nazo ni lazima zikae sawa: kosa la kumi na tisa, kubwa kuliko yote, nimeliandika chini ya yale yake, kwa jina langu kamili.