Siku Niliyoing'oa Python ya Seva

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu, ambayo nimejaribu kuisahau ikakataa. Nilikuwa katika wiki ya tatu kazini, kwenye maabara ndogo huku Manika, eneo la migodi, inayopima mawe ya shaba na kobalti, na nilikuwa bado sijaandika hata mstari mmoja wa kazi niliyopewa siku ya kwanza.

Usicheke ninapokuita mwanangu, ilhali nina miaka ishirini na saba na wewe umemaliza chuo juzi. Mbele ya seva, uzee hauhesabiwi kwa mvi. Unahesabiwa kwa vitu ulivyoharibu, na kwa hesabu hiyo mimi ni bibi kizee.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Seva yetu ilitumia Linux ya makampuni, mfumo unaotunzwa miaka mingi bila kubadilishwa ovyo, na kila asubuhi mtu alikaa akinakili matokeo ya vipimo kwa mkono kutoka folda moja kwenda nyingine. Tata Mukendi, mkuu wetu wa kompyuta, alitaka niandike skripti kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, yaani maagizo machache ambayo mashine ingeyafuata yenyewe. "Mistari tano tu, mama," aliniambia. "Ukimaliza mbele ya mwisho wa mwezi, tunasaini contrat yako." Nilikuwa kwenye majaribio, bado bila mkataba, na baba yangu alikuwa amekwisha kutangaza kanisani kwamba binti yake ameajiriwa.

Mtu mwingine angeiandika hiyo mistari mitano kabla ya chai. Mimi nilianza kufikiri. Majina ya faili yawe kwa herufi ndogo au kubwa? Na siku maabara ikifungua tawi Likasi, skripti yangu itafaa? Nilisoma, nikachora mishale kwenye daftari, nikaichana karatasi, nikachora upya. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini mimi sikumuuliza mtu. Nilijiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe, na ujinga ulikuwa hapo.

Jumanne hiyo nikagundua jambo lililonitoa jasho: Python ya seva ilikuwa toleo la zamani. Kwenye kompyuta yangu nyumbani nilikuwa na jipya. Nikawaza: nikianza na la zamani, watasema chuo hakikunifundisha kitu. Nikiweka jipya kando ya la zamani, yatagombana. Afadhali niondoe la zamani kwanza, kisha niweke jipya mahali pasafi. Unaona jinsi mtu anavyoweza kufikiri hatua kwa hatua mpaka akalifikia shimo?

Na seva, mwanangu, ilikataa. Ilikataa kwa adabu, ikasema kitu hiki kinalindwa, mfumo unakihitaji. Mimi niliyekuwa nimesoma kila ukurasa wa kila mwongozo, mstari huo mmoja niliuruka. Nikatafuta njia ya kuilazimisha, nikaipata, nikabonyeza. Kimya. Hakuna kilicholia. Nikajisikia fundi.

Kisha nikaita programu ya kusakinisha, ili iniletee Python mpya. Haikuitika. Nikaita tena, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba aliyoibomoa mwenyewe. Kumbe programu hiyo nayo imeandikwa kwa Python! Niliketi kwenye tawi, nikalikata, na nilikuwa nashangaa mbona naona mizizi.

Hazikupita dakika kumi, Mama Béa wa maabara akaingia, koti lake jeupe likiwa na vumbi jekundu mpaka mifukoni. Kumbe hata programu inayochapa karatasi za vipimo ilitegemea Python ileile.

"Bulletins biko wapi?" alisema. "Camions ya Mutoshi inangoja ku barrière, mustari umefika mupaka kwa église! Ba-chauffeurs banawasha makala pale, banaanza kupika!"

Malori ya mgodi wa Mutoshi hayapiti kizuizi bila karatasi zetu, na sasa foleni ilikuwa imefika kanisani, madereva wakiwasha makaa wapike. Nilikuwa nawaza jinsi ya kumwomba mchungaji alifute lile tangazo la baba.

Tata Mukendi alikuja bila haraka. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, na yeye mwenyewe amezeeka kati ya mashine. Hajawahi kukimbia kwa sababu ya mashine yoyote. Akatazama skrini, akanitazama mimi.

"Uligusa nini?"

Nilikuwa na majibu manne, yote marefu, yote yenye sababu. Nikachagua la tano. "Niling'oa Python, tata. Ilikuwa ya zamani."

Akavua miwani. "Ilikuwa ya zamani."

"Ndiyo, tata."

"Siku utaolewa, utaingia mu cuisine ya mama mukwe. Utakuta sufuria ya zamani, nyeusi, ndiyo anapikia bukari ya nyumba muzima. Utaitupa inje, juu uko na mupya mu valise ya safari?"

"Hapana, tata. Sufuria ya ugali haitupwi."

"Basi ile Python haikuwa yako. Ni ya mwenye nyumba, anapikia batu bote. Ya kwako unaleta, unaweka pembeni, unapika chakula yako."

"Huyu aolewe?" Mama Béa akadakia. "Atasoma kwanza mode d'emploi ya bwana, mupaka bwana anazeeka!"

Nilicheka pia, maana kwa miongozo niliyosoma wiki tatu zile, alikuwa na haki.

Nilidhani Tata Mukendi angenitoa kwenye kiti. Hakunitoa. Alinifanya nitengeneze mwenyewe. Kulikuwa na seva ya akiba ya toleo lilelile. Tukachota huko vile nilivyoving'oa, tukavileta kwa flash, tukavirudisha kwa chombo cha chini kabisa cha mfumo, ambacho hakihitaji Python. Amri moja niliikosea, nikaiandika mara tatu. Yeye alirudia neno lake moja tu: "Soma kwanza yenye inakuambia. Halafu bonyeza." Printa ilipoanza kukohoa, Mama Béa alizinyakua karatasi zikiwa moto akatoka mbio bila kuaga.

Nikaanza kufunga mkoba wangu. Tata Mukendi akavuta kiti.

"Sasa ile mistari tano."

"Leo, tata?"

"Unangoja toleo gani?"

Akanionyesha jinsi ya kutengeneza mahali pangu pa pekee ndani ya folda yangu, kwa amri moja tu, ambapo ningeweka Python ninayoitaka na vikorokoro vyake bila kugusa ya mfumo. Nikaandika. Mistari mitano ikawa saba. Mara ya kwanza faili zilikwenda folda isiyo yake, na hakuna aliyekufa. Mara ya pili zilifika.

Mkataba haukusainiwa mwezi ule. Niliongezewa miezi miwili ya majaribio, na kwa miezi hiyo miwili baba aliketi benchi la nyuma kanisani.

Basi sikiliza, mwanangu. Ukikuta seva ya watu, kitu cha zamani ndani yake kina kazi. Usiache mbachao kwa msala upitao, na mbachao wenyewe si wako. Ya kwako iweke kando, katika folda yako. Mashine ikikukatalia, isome kabla ya kubishana nayo. Ukiharibu, sema haraka na kwa sentensi fupi, maana malori hayali maelezo. Na zaidi ya yote, anza. Andika mistari mitano mibaya leo. Mizuri iko kichwani mwako tu, na huko haijawahi kunakili faili hata moja.

Nenda sasa. Mungu aitulize mikono yako, akupe mkuu asiyekimbia, na kitu cha kwanza utakachokiharibu kiwe na nakala.