Blanketi la Kung'arishia Sakafu

Mwaka jana, msimu wa baridi, mama aliteleza sebuleni kwake Nkoaranga, sakafu ikiwa bado mbichi baada ya kudekiwa. Hakuvunjika, lakini nyonga ilimuuma kwa wiki nyingi. Kaka yangu akakata shauri bila kumuuliza mtu, kama kawaida yake: sebule iwekwe kapeti, na fundi atoke mjini.

Mimi nikapinga. Nikasema tutaliweka wenyewe. Mimi ni mbishi, sikatai. Kaka akisema chai, mimi husema uji. Kule kwangu Sombetini nilikuwa nimeshatazama video za kutosha kwenye simu, nimenunua kisu na futi ya chuma, na najiona fundi kamili. Tunalikata, tunalitandaza, tunalibana kwa makochi na kabati. Kuna ugumu gani?

"Pembe ikijikunja mama anaanguka tena," kaka akasema. "Fundi anapaka gundi kote. Halisogei."

Gundi hiyo ndiyo iliyoniuma. Fundi alipokuja kupima, alikwaruza sakafu kwa ukucha, akasema nta yote lazima ikwanguliwe kwanza, la sivyo gundi haitashika. Alisema hivyo huku akinywa chai ya mama, wala hakujua amegusa nini.

Ile nta ndiyo utoto wetu. Kila Jumamosi mama alifungua kopo kwa mpini wa kijiko, akapiga magoti, akapaka nta nyekundu kuanzia dirishani hadi mlangoni. Kisha lilitolewa blanketi kuukuu. Mmoja alikaa juu yake, wengine wakashika pembe na kuvuta, huku na huku, mpaka dirisha lionekane sakafuni. Aliyekaa alikuwa kaka, siku zote, kwa sababu alikuwa mzito, na mama alisema bila uzito sakafu haing'ai. Mimi nilikuwa kijiti. Nilivuta utoto wangu wote nikimwonea wivu, naye amekaa pale akiniamuru niongeze mwendo. Jumapili, wageni wakitoka nasi kanisani, walivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na mama akajifanya hajaona. Naikumbuka furaha yake ile hadi leo.

Kwa hiyo nilikuja juu. Nilimwambia kaka kwamba anachotaka ni kazi iishe arudi zake mjini, na kwamba hana uchungu na nyumba hii. Mama alitusikiliza mpaka nikaishiwa maneno.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe unalala Sombetini. Mimi hapa naenda chooni nimeshika ukuta. Sakafu hii naiogopa. Leteni fundi."

Nikatazama ukuta. Usawa wa mkono wake, rangi ilikuwa imechakaa mstari mzima, kutoka mlango wa chumbani hadi koridoni. Nilikuwa nimepita pale miezi yote ile nikiangalia sakafu tu. Niliona aibu.

Jioni, kabla ya siku ya fundi, tulitoa makochi nje. Sebule ikabaki tupu. Mama akatoka chumbani na blanketi. Si lile, lile liliisha zamani. Hili ni la kitandani kwake. Akalitandaza mwenyewe, akatushika mabega, akakaa katikati taratibu, miguu ameinyoosha, kitenge amekibana.

"Haya, vuteni."

"Mama, nyonga," kaka akasema.

"Nyonga ni yangu. Vuta."

Tukashika pembe. Kaka sasa ana kitambi, nami si kijiti tena. Tulikwenda polepole, mlangoni hadi dirishani, mama akicheka na kutugombeza kwamba tunamvuta kama trei ya mayai. Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito. Haukuwepo. Blanketi lilikuja tu, kana kwamba hakuna mtu juu yake. Nilimtazama kaka nikajua na yeye amelisikia hilo mikononi, maana aligeuza uso.

"Inang'aa?" mama akauliza. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri.

Niliangalia sakafu nyuma yake. Ilikuwa vilevile, imefifia.

"Inang'aa, mama," kaka akasema.

Nami, pamoja na ubishi wangu wote, nikasema inang'aa.