Nilithibitisha Ubaoni Kwamba Sina Baba

Jamani, kosa ni langu. Sikutumwa na shetani, nilitumwa na masomo!

Nilirudi Butiama kutoka chuo kikuu nimebobea katika mantiki ya alama. Hata ugali niliuomba kwa "ikiwa" na "basi". Wee, nilikuwa sivumiliki!

Wakati huo tunahamia kijiji cha ujamaa, kila kaya inapewa kiwanja. Kwetu ni nyumba ntobhu. Bibi Nyabweke hakujaliwa mtoto, akatoa ng'ombe zake akamwoa mama yangu, kama desturi yetu inavyoruhusu. Sisi watoto tukawa wake, na jina lake ndilo la baba yetu. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa msomi wao.

Mkutanoni mwenyekiti akauliza kama sisi ni kaya moja. Nikachukua chaki! Kila mume ni mwanamume. Nyabweke si mwanamume. Basi Nyabweke si mume, mama si mke, na kaya haipo. Watu wakapiga makofi bila kuelewa. Mama akapewa kiwanja mwisho wa kijiji, bibi akabaki peke yake.

"Sasa jioni nitakulaga na nani, mwanangu?" bibi aliniuliza.

Nikamjibu kwamba swali hilo liko nje ya hoja. Mungu anisamehe!

Kisha nikaenda Bunda kuposa. Mzee wa binti akaniuliza, "Ng'ombe wa mahari wanatokaga kwa baba. Baba yako ni nani?"

"Nyabweke."

"Yule uliyesema si mume? Tulisikia, mwalimu. Ulieleza vizuri sana."

Wakanipa uji, wakanisindikiza. Binti akaolewa na mtu wa Murangi.

Kwa uchungu nikaiacha mantiki, nikasoma falsafa nyingine: kwamba hakuna kitu kilichotulia, kila kitu ni mwendo, kipo kwa kutendeka. Nikalia! Baba yangu alikuwa bibi Nyabweke, yule aliyenibeba mgongoni hadi zahanati nikiwa mtoto. Nyumba yetu ilikuwa ikitendeka kila siku, nami niliitafuta ubaoni.

Nikakimbia kumweleza bibi. Nikamkuta na msichana mgeni, naye bibi amepakata kichanga mapajani.

"Nimeoa tena," akasema. "Kwa ng'ombe nilizokuwaga nakuwekea wewe. Huyu ndiye mwanangu. Hajaanza shule, namshukuru Mungu."

Wasomi wenzangu, mkitaka kuthibitisha kwamba nyumba haipo, hakikisheni kwanza hamkai ndani yake. Mimi siku hizi nakaa nje.